Alhamisi, Siku ya Zulia

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kitako, umeinamia stuli, mikono juu ya magoti, na mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga, basi ninakuandikia wewe. Wazima watanisamehe. Mtu ambaye hajawahi kubanwa na pumu hudhani pumzi ni kitu cha bure, na mimi sina pumzi ya kubishana naye.

Jina langu ni Kabula, mtu wa Kharumwa. Niliolewa na Hamisi, fundi cherehani wa mgodi wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile Mwingereza alipokuwa bado anatawala. Nilisilimu kwa ajili yake na sikujuta. Nilimpenda sana. Nalisema hili mapema, maana yatakayofuata yanaweza kukufanya umfikirie vingine.

Hamisi alishona maturubai na mavazi ya kazi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa mifuko ya sampuli. Hivi ni vijifuko vya kitambaa ambavyo watu wa mgodi hutilia mawe yanayopelekwa kupimwa kama yana dhahabu. Mawe hutoka chini yakiwa yamelowa, kwa hiyo kitambaa chake hufumwa kwa kulegea ili maji yachuje upesi. "Mfuko usiopumua huozesha," alizoea kusema, huku akiupuliza mfuko mpya mdomoni kuona kama hewa inapita. Ilikuwa fahari yake. Kwa mifuko yake hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Tulikaa katika nyumba za mafundi, vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, na taa za umeme wa injini ya mgodi. Baba mkwe, aliyekuwa mfanyabiashara mjini Shinyanga, alipofariki, mama mkwe akaja kukaa nasi. Tulimwita Bi Mwanahawa. Alikuja na masanduku yake na zulia.

Zulia lile lilikuwa jekundu, zito, limenunuliwa kwa Mwarabu zamani. Baba mkwe alisali juu yake, alipokea wageni juu yake, na siku alipokata roho alikuwa amelala juu yake. Lilitandikwa sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi niliyekulia kwenye mkeka na ngozi ya ng'ombe niliona nimefika mbali. Majirani walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Shida ilikuwa vumbi. Malori ya mawe yalipita karibu na nyumba mchana kutwa, na kila kitu kiligeuka rangi ya udongo. Zulia lilikuwa zito mno kutolewa nje kila mara, na Bi Mwanahawa hakutaka kuliona likipigwa fimbo. "Mume wangu hakupigwa akiwa hai," alisema, "hatapigwa akiwa amekufa." Basi Mzungu mmoja wa mgodini alipomaliza mkataba wake na kuuza vyombo vyake kwa mnada, Hamisi akarudi nyumbani na mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa na mdomo mpana chini, mpini mrefu, na mfuko uliojaa upepo ilipowashwa. Tuliiita Fisi, kwa sababu ilikula kila kitu na kunguruma.

Kila Alhamisi Fisi alifanya kazi. Ijumaa baada ya sala wageni walikuja kunywa kahawa, kwa hiyo Alhamisi baada ya alasiri Hamisi aliporudi kutoka kazini alifunga madirisha yote, vumbi la barabara lisiingie kuharibu kazi, akaifyonza sebule nzima mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka kwamba ameolewa yeye. Hakujali. Mimi niliketi mlangoni pa chumba nikimtazama, na naweza kusema hizo zilikuwa saa zangu za furaha.

Kisha panya wakautafuna mfuko wa Fisi. Ulikuwa mfuko mzito, mnene, wa kutoka kwao Ulaya. Hamisi alishona mwingine kwa kitambaa cha mifuko ya sampuli. Uliingia sawasawa. Fisi akanguruma kwa nguvu kuliko zamani, na Hamisi akafurahi: "Umeona? Alikuwa anakosa pumzi tu." Zulia likawa jekundu kama jipya. Wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama juu.

Ilianza kabla ya masika. Niliamka alfajiri nikasikia paka analia kifuani mwangu. Nilidhani ni mafua. Kufikia asubuhi nilikuwa siwezi kumaliza neno bila kusimama katikati yake. Hamisi alinibeba hadi hospitali ya mgodi, na huko nilijifunza kusubiri.

Baraza la hospitali ile lilikuwa na benchi ndefu, na watu wake walikuwa wachimbaji wengi wao, wanaume wakubwa wenye vikohozi vikavu, kila mmoja akimpisha mwenzake bila kusema. Mgonjwa wa pumu hawezi kuegemea ukuta, lazima ainame. Mwanamke mmoja wa Runzewe, aliyekuja kumwona mumewe, alinitazama kwa muda, kisha akageuka akanipa mgongo wake. "Egemea hapa, dada," alisema. "Mgongo huu umebeba watoto, nawe utakuweza." Nikaweka paji la uso wangu begani kwake mpaka nilipoitwa. Sikumjua jina lake na sikumwona tena. Ukiwa mzima na ukamkuta mtu wa aina yangu kwenye benchi, fanya kama yule mama.

Walinichoma sindano. Moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, kisha kifua kikafunguka, nami nikalia kwa sababu hewa ilikuwa tamu. Nililazwa, nikapewa vidonge, nikapona kabisa. Hamisi alikuja kunichukua, na nyumbani nilikuta ameitengeneza nyumba kwa ajili yangu. Zulia limefyonzwa asubuhi ile, madirisha yamefungwa, kahawa ipo. Usiku wake nikabanwa tena.

Hivyo ndivyo msimu wa mvua ulivyopita. Hospitali napona, nyumbani naanguka. Muuguzi mmoja mtani alinipa jina, mgonjwa wa Ijumaa, kwa kuwa asubuhi nyingi za Ijumaa alinikuta barazani. Tulicheka sote, hata mimi, kwa kadiri kifua kilivyoruhusu. Jina hilo nilibeba mwaka mzima, na sikulifikiria.

Mwili ulibadilika. Mashimo ya shingoni yaliingia ndani hata Hamisi akawa hataki kuyatazama. Bangili zilinitoka mkononi nikiosha vyombo. Mabega yalipanda yakakaa huko juu. Nilijifunza kusema kwa maneno machache, na mtu anayesema machache nyumbani kwa mkwe huonekana ana kiburi.

Kiangazi kilipoingia nikapata mimba. Nilipumzishwa kwa mama yangu Kharumwa nikanenepa, sikubanwa hata siku moja. Mama yangu alikuwa na nyumba ya udongo, sakafu ya udongo, kuku wanaingia na kutoka. Kila asubuhi alinyunyiza maji chini kabla ya kufagia, kama alivyofundishwa na mama yake. Nilirudi kwa Hamisi tumbo likiwa limeonekana. Alinipokea kwa furaha iliyomtoa machozi, na nyumba ilikuwa safi kuliko siku zote.

Sitaeleza yote ya usiku ule na siku zilizofuata. Nilibanwa kuliko nilivyowahi kubanwa, kucha zikageuka rangi, na mtoto hakustahimili. Alikuwa msichana. Hamisi alimzika na watu wachache wa msikitini. Mimi nilikuwa kitandani hospitalini, nikipumua vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilikuwa napumua vizuri.

Baada ya hapo watu wakaanza kuhesabu kwa akili zao. Kwa mama yake mzima, hospitalini mzima, kwa mumewe mgonjwa. Bi Mwanahawa hakuwa mwanamke mbaya. Alinikanda kifua kwa mafuta, alinichemshia tangawizi, alimwita shehe akanisomea. Lakini yeye naye alikuwa na macho. Siku moja nilimsikia akimwambia Hamisi jikoni, "Mwanangu, nyumba hii imemkataa. Usipomwondoa utamzika."

"Ni mke wangu, mama."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Hata daktari hakuwa na jingine. Alimwambia Hamisi kwamba nikibanwa tena namna ile, hana ahadi. Alimwambia vilevile kwamba nikae pale ninapopata nafuu. Yalikuwa maneno ya haki, na ndiyo yaliyotuachanisha.

Hamisi alinipeleka Kharumwa mwenyewe, juu ya lori, akinishika bega njia nzima nisitupwe na mashimo. Alimwamkia mama yangu shikamoo, akakaa kwenye kigoda uani, akamwita na kaka yangu Masanja asikie. Kisha akatamka talaka. Sauti yake ilikatika akairudia ili isikike.

"Nakuacha ili uishi, Kabula," alisema. "Sina sababu nyingine. Mungu anajua sina nyingine."

Masanja alitaka kumpiga. Mama yangu akamzuia. "Mwache," alisema. "Huyu analia kuliko dada yako." Na kweli, mimi sikulia. Nilikuwa nimekwisha kuamini kama wao. Nilidhani mume wangu ndiye ugonjwa wangu.

Eda yangu ikaisha wakati wa kupanda pamba. Nilipona. Bangili zikakaa mkononi. Nililima, nilipalilia, nilibeba maji. Watu wa Kharumwa waliniambia, wabeja, ashukuriwe Mungu, talaka imekuwa dawa. Nikawa naitikia, kisha naingia ndani kukaa peke yangu kidogo. Habari ikaja kwamba Hamisi ameoa, binti wa Kiislamu wa Buseresere anaitwa Zaituni. Nilipalilia siku ile mpaka giza likanikuta shambani.

Sasa nafika kwenye jambo nililokusudia kukuambia tangu mwanzo. Msimu wa kuchuma pamba, Bi Mwanahawa alishuka kwenye lori mbele ya nyumba yetu, peke yake, buibui limejaa vumbi. Nilimwamkia. Hakuitikia. Mama yangu alimletea kigoda, hakukikalia.

"Kabula," alisema, "nimekukosea nini?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekuosha, nimekulisha, nimekulilia mtoto wako. Kama una kinyongo na mwanangu, mwenzako ana kosa gani? Mwachie Zaituni apumue."

"Zaituni ana nini?"

"Unaniuliza mimi? Ana hicho ulichokuwa nacho. Filimbi ile ile kifuani. Ana mimba changa, Kabula. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta mbali." Akaanza kulia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata matangani.

Hasira ilinipanda. Kuitwa mchawi na mtu uliyemwita mama si jambo dogo. Lakini maneno yake yalinishika mahali pengine. Zaituni alikuwa analala kwenye nyumba yangu ya zamani na kuumwa ugonjwa wangu wa zamani. Kama nyumba ilinikataa mimi, kwa nini imkatae na huyu?

"Anabanwa siku zote?" nikamwuliza.

"Siku nyingine mzima kabisa, anaimba. Halafu anaanguka. Mara nyingi Ijumaa tunaamkia hospitali."

Mgonjwa wa Ijumaa. Nilimsikia yule muuguzi kana kwamba amesimama uani. Mama yangu, aliyekuwa amekaa na kata ya maji mkononi, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Mayu, mama, kwani Alhamisi huwa mnafanya nini kwenu?"

"Hatufanyi kitu. Tunasafisha zulia tu, kwa ajili ya Ijumaa."

Niliwaona wote wawili wakinitazama. Nikakumbuka kila mara niliporudi kutoka hospitali, kila mara niliporudi kutoka Kharumwa, jinsi nyumba ilivyokuwa imesafishwa kwa ajili yangu. Wiki nilizokaa vizuri zilikuwa zile ambazo injini ya umeme iliharibika, au Hamisi alipotumwa kazi ya mbali. Bi Mwanahawa akakaa kwenye kigoda, taratibu.

Tuliondoka pamoja siku ya pili, juu ya marobota ya pamba. Mama yangu hakutaka niende. Aliogopa kifua changu, na mimi pia niliogopa. Lakini nilikuwa na kaburi dogo huko mgodini, na sikutaka kuwe na la pili kando yake.

Zaituni alitufungulia mlango. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtarajia, mabega yamepanda kama yangu yalivyokuwa. "Shikamoo dada," alisema, akasimama katikati kupumua. Kanga zake zilitundikwa kwenye msumari niliopigilia mimi. Nilimtoa nje nikamkalisha chini ya ukuta wenye kivuli, nikamwambia asiingie mpaka nimwite.

Hamisi alikuwa nyumbani. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Nilifunga leso puani, nikamwomba awashe Fisi, madirisha yafungwe kama kawaida, ila moja la upande wa jua liachwe wazi upana wa kiganja. Akawasha. Jua liliingia kwa mstari mmoja hadi katikati ya sebule, na kwenye mstari ule tukaona. Zulia lilikuwa linang'aa miguuni petu. Na kutoka kwenye mfuko, pande zote, ukungu mwembamba ulikuwa unapanda, laini kuliko unga wa muhogo, unafika darini, unageuka, unashuka kwenye vikombe, kwenye mito, juu ya vichwa vyetu. Udongo wa barabara, ngozi za watu, mavumbi ya miaka yote ya zulia lile. Hakuna kilichokuwa kinaondoka nyumbani. Kilikuwa kinahamishwa kutoka chini kuja puani.

Hamisi alizima mashine. Aliushika mfuko, kisha akatazama kiganja chake. Kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo.

"Nilitaka ipumue," alisema.

Aliketi chini, kwenye lile zulia, fundi ambaye hakuwahi kurudishiwa kazi, na mama yake akasimama nyuma yake akamwekea mkono kichwani. Nilitoka nje maana kifua kilikuwa kimeanza.

Kwa nini mimi na Zaituni tuliumwa na Hamisi na mama yake waliishia kupiga chafya, siwezi kukuambia. Sikuandika haya kufundisha udaktari. Najua tu kwamba siku ile Bi Mwanahawa mwenyewe alilikunja zulia la mumewe, akakataa kusaidiwa mpaka ncha ya mwisho, likatundikwa uani kwenye uzio. Mvua za mwaka ule zililimaliza. Sakafu ikabaki saruji tupu, ikafutwa kwa kitambaa chenye maji, madirisha wazi, vumbi la malori liingie na litoke. Zaituni alibanwa mara chache zaidi, kila mara kidogo kuliko mwanzo, kisha akaacha.

Hamisi alinisindikiza kwenye lori. Tulisimama pale dereva akipakia.

"Nikurudie, Kabula," alisema. "Tufunge ndoa upya. Zaituni hatakataa."

Nilitaka kusema ndiyo. Ninakwambia wewe usiyenijua, hakuna neno nililowahi kulitaka kama lile. Lakini nilimwona yule msichana amekaa ukutani, mkono tumboni, anajaribu pumzi moja moja kama mtu anayepima iwapo kivuko kitambeba. Alikuwa ameletwa kuziba nafasi yangu na akaumwa kwa ajili hiyo. Sikuweza kurudi nikamwambia asogee.

"Ningejua," Hamisi alisema.

"Hukujua," nikamjibu. "Panda kitandani mapema, usimwache peke yake usiku."

Kwa hiyo nakuambia wewe uliyeinamia stuli. Meza dawa unayopewa, nenda hospitali mapema, usione haya. Lakini pia jiulize ni siku gani, na siku ile watu wako wanaokupenda wamekufanyia nini. Uliza kwa upole, maana huenda ni jambo walilolifanya kwa moyo wote. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Na kabla hujakubali kwamba mtu fulani ndiye ugonjwa wako, fungua dirisha kidogo utazame kwenye jua.

Masika yaliyofuata Zaituni alikuja Kharumwa na mtoto wa kike, akaniwekea mapajani, akatoka kwenda kumsaidia mama yangu jikoni. Mtoto alikuwa amelala. Nilimwinua nikaweka sikio langu kifuani kwake, kama watu walivyokuwa wakiniwekea mimi. Nilisikiliza sana. Hapakuwa na filimbi. Hewa iliingia na kutoka bila taabu yoyote, nami nikalia kwa kujizuia, nisije nikamwamsha.